Chama ametua Jangwani: tumempata mtu wa kufungua mechi zilizogoma (uzi wa Julai 2024)

Mwananchi wa Temeke (mleta uzi)

Wakuu, nawasalimu nyote, wa kijani na njano pamoja na watani wetu wa nyekundu.

Tangu Jumatatu ya Julai 1, 2024, klabu yetu ya Jangwani, Yanga, ilipomtambulisha kiungo Mzambia Clatous Chota Chama mara tu mkataba wake na watani wetu Simba ulipofika mwisho, nimesoma karibu kila kilichoandikwa kuhusu usajili huu, na sehemu kubwa ni vijembe vya kuwarushia watani. Sina ugomvi na vijembe hivyo. Mimi mwenyewe siku ile sikufanya kazi yoyote ya maana: simu haikutoka mkononi, na kila picha mpya ya Mwamba wa Lusaka akiwa ndani ya jezi yetu niliifungua kama vile sijaiona ile iliyotangulia. Lakini raha ya kumchukua kipenzi cha mtani itakwisha ligi ikianza. Nimeufungua uzi huu ili tuzungumze jambo litakalobaki baada ya hapo, yaani kile ambacho Yanga ilikikosa msimu uliopita na ambacho Chama anacho.

Najua wapo watakaoshangaa nikisema tulikosa kitu. Tumechukua ubingwa wa 30 kwa pointi 80, huku Azam na Simba wakimaliza na pointi 69 kila mmoja. Novemba 5, 2023 tuliwapiga watani 5-1, na Aprili 20, 2024 tukawarudia kwa 2-1. Stephane Aziz Ki amemaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Kule Afrika tulirudi kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1998, tukawafunga CR Belouizdad ya Algeria 4-0 kwenye Uwanja wa Mkapa na kuingia robo fainali. Timu ya namna hiyo huwezi kuiita butu, na ndiyo maana swali la "Chama anakuja kufanya nini?" limeulizwa na watu wenye akili zao timamu.

Jibu langu liko kwenye mechi tatu. Machi 30 tulitoka 0-0 na Mamelodi Sundowns hapa Dar es Salaam, Aprili 5 tukatoka tena 0-0 kule Pretoria, na tukaondolewa kwa penalti 3-2. Najua mtaniambia kuhusu lile shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda, nami hadi leo naamini lilikuwa bao halali, na sitabadilisha imani hiyo hata waje na mashine ya aina gani. Lakini liwekeni kando shuti hilo kwa muda, kisha mjiulize katika dakika 180 ni mara ngapi mchezaji wetu aliachwa uso kwa uso na kipa. Mara chache mno. Kisha Juni 2, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, pale Uwanja wa Amaan, Zanzibar, tukacheza na Azam mpaka mwisho bila bao, tukashinda kwa penalti 6-5. Kombe lilitufanya tusahau mchezo wenyewe ulivyokuwa. Mimi sikuusahau, kwa sababu ulikuwa uleule wa Sundowns: mpinzani anafunga katikati, anatuachia pembeni, anatuambia tupige krosi tukitaka, na sisi tunazunguka mbele ya boksi kama watu waliofika nyumba sahihi wakakuta mlango umefungwa.

Angalieni tuliokuwa nao. Maxi Nzengeli anahitaji nafasi ya kukimbilia, na timu ikirudi nyuma nafasi hiyo haipo. Aziz Ki anaona goli kabla hajaona mwenzake, jambo ambalo limetupa mabao mengi na ambalo sitaki aliache, lakini mabeki waliompania humziba wakamlazimisha apige kutoka mbali. Pacome Zouzoua ndiye aliyekuwa na uwezo wa kupita katikati ya watu wawili, naye aliumia Machi, wakati tulipomhitaji kuliko wakati wowote. Hakuna kati yao ambaye kwa asili yake ni mtu wa kusimama, kusubiri, na kutoa pasi moja ambayo uwanja mzima haukuiona.

Chama ni mtu huyo. Mnaomfahamu kwa mabao tu, siku mkikaa uwanjani msitazame mpira, mtazameni yeye. Kabla pasi haijamfikia ameshageuza shingo kulia na kushoto, mwili ameuweka nusu upande ili mguso wa kwanza umwelekeze golini, na kasi yake haibadiliki hata kama beki anamjia mbio. Beki akifika karibu anaushikilia mpira kidogo zaidi ya inavyotakiwa, mpaka jukwaa linaanza kumpigia kelele autoe. Ucheleweshaji huo ndio unaomvuta beki wa pili atoke kwenye nafasi yake, na papo hapo mpira unapita mahali alipokuwa amesimama. Nimemchukia kwa miaka kadhaa kwa sababu ya kitendo hicho kimoja.

Na rekodi ipo. Desemba 2018, Simba wakihitaji kupindua matokeo dhidi ya Nkana ya kwao Zambia, ni Chama aliyemaliza kazi kwa kisigino dakika za mwisho, ikawa 3-1. Machi 16, 2019 walikuwa 1-1 na AS Vita na sare haikuwatosha, naye akafunga dakika ya 90 na kuwapeleka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Julai 12, 2020, kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, alikuwa miongoni mwa waliotufunga 4-1, na mtu wa Yanga asinidanganye kwamba ameisahau siku hiyo. Machi 2023 alipiga mabao matatu peke yake dhidi ya Horoya katika ushindi wa 7-0. Hata Januari mwaka huu kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule San Pedro, Taifa Stars ikiongoza 1-0 kwa bao la Simon Msuva na Zambia wakiwa pungufu, kona iliyomkuta Patson Daka kichwani dakika za mwishoni ilipigwa na nani? Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu za pointi tatu.

Hoja ya umri naiheshimu. Ametimiza miaka 33 mwezi uliopita, na mchezaji wa miaka 33 hasajiliwi kwa ajili ya kesho kutwa. Ila mchezaji anayezeeka vibaya ni yule aliyeishi kwa mbio, na Chama hajawahi kuishi kwa mbio. Swali linalonisumbua ni jingine: kocha Miguel Gamondi atamweka wapi, na nani atakaa nje? Hapo ndipo ninapoomba michango yenu, na ninaomba tuzungumze mpira.

Mnyama wa Msimbazi

Mtani, hongera kwa uzi wenye adabu. Ningekuja na maneno makali, lakini umeandika kwa staha na mimi nitajibu kwa staha.

Kwanza nikiri jambo ambalo wenzangu wengi hawataki kulikiri: imeuma. Siku ile ya AS Vita nilikuwa kwa Mkapa, jukwaa la mzunguko, na bao lile lilipoingia mtu nisiyemfahamu aliniangukia begani akalia, tukashikana mpaka filimbi ya mwisho bila kuulizana majina. Mchezaji aliyekupa siku ya namna hiyo huwezi kumwona ndani ya jezi ya Jangwani ukasema hujali. Anayesema hivyo anajikaza tu.

Sasa tuje kwenye mpira. Umetaja mechi zake kubwa, na zote ni za kweli, lakini umeruka hesabu moja. Chama alishinda nasi ligi mara tatu mfululizo, 2018/19, 2019/20 na 2020/21, na msimu wa 2019/20 akawa mchezaji bora wa ligi. Agosti 2021 akaenda RS Berkane ya Morocco, wakati uleule Luis Miquissone alipokwenda Al Ahly. Januari 2022 akarudi. Tangu aliporudi, mtani, ni ligi ngapi tumeshinda tukiwa naye? Hakuna. Zote tatu, 2021/22, 2022/23 na 2023/24, zilikwenda kwenu. Ninyi mmetufunga 5-1 akiwa mchezaji wetu. Kwa hiyo mnapompokea kama dawa, kumbukeni kwamba kwetu alikuwepo na ugonjwa haukupona.

Pili, kuna suala la nidhamu. Desemba 2023 uongozi wetu ulimsimamisha kwa tuhuma za utovu wa nidhamu kabla ya kumrudisha kikosini. Sitaki kulikuza, kwa sababu alirudi na akacheza vizuri, akiwa hata miongoni mwa wafungaji tulipowapiga Jwaneng Galaxy 6-0 na kuingia robo fainali. Ila ni mchezaji anayejua thamani yake, na mtu anayejua thamani yake hakai benchi akitabasamu. Wewe umeuliza nani atakaa nje. Mimi nakuuliza: itakuwaje akiwa ni yeye?

Tatu, sisi tumeamua kuanza upya. John Bocco ameondoka, Saido Ntibazonkiza ameondoka, na sasa tunaleta vijana kama Joshua Mutale, naye Mzambia. Huenda tukateseka mwaka mmoja. Lakini timu iliyomaliza ya tatu na kukosa Ligi ya Mabingwa ingekuwa wendawazimu kuendelea kujengwa juu ya mtu wa miaka 33. Mmechukua jina kubwa, sisi tumechukua muda.

Babu wa Mzizima

Wanangu, nimewasoma wote wawili. Mimi ni Yanga tangu enzi za redio, na nimeona watu wakivuka barabara kati ya Jangwani na Msimbazi kiasi kwamba hili halinipi usingizi wala halininyimi.

Mnasahau haraka. Juma Kaseja alivuka akarudi. Emmanuel Okwi tulimpata Desemba 2013, mji ukasimama, na kabla vumbi halijatulia alikuwa amerudi Simba. Haruna Niyonzima alituacha mwaka 2017 akaenda Simba, kisha Januari 2020 akarudi kwetu. Ibrahim Ajibu alikuja 2017, akaondoka 2019. Bernard Morrison alikwenda 2020 akarudi 2022. Jonas Mkude ametufuata mwaka jana tu. Ukiangalia orodha hiyo kwa utulivu utaona kwamba wengi wao walileta kelele kubwa siku ya kutambulishwa na kelele ndogo baadaye.

Lakini kuna mmoja ambaye hatajwi na ndiye mfano ninaoupenda. Amissi Tambwe, Mrundi, alikuwa mfungaji bora wa ligi akiwa Simba msimu wa 2013/14 kwa mabao 19. Desemba 2014 wakaona hawamhitaji. Alivuka bila mbwembwe, na msimu wa 2015/16 akawa mfungaji bora tena, kwa mabao 21, safari hii akiwa na jezi yetu. Tofauti yake na Okwi ilikuwa nini? Okwi alikuja akiwa mfalme. Tambwe alikuja akiwa na la kuthibitisha. Nikimtazama Chama najiuliza anakuja kwa mlango upi, na kusema kweli bado sijapata jibu. Kuondoka kwake kwa mtani baada ya msimu wa nafasi ya tatu kunanipa matumaini kwamba ana la kuthibitisha.

Halafu kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko umri wake. Mwanangu mleta uzi, umeandika kana kwamba Aziz Ki tunaye tayari. Mkataba aliokuja nao kutoka ASEC Mimosas mwaka 2022 ulikuwa unaishia msimu huu, na mpaka ninapoandika sijasikia neno lolote rasmi kutoka kwa Rais wa klabu, Hersi Said. Chama pamoja na Aziz Ki ni usajili wa kutisha. Chama badala ya Aziz Ki ni kupiga hatua moja mbele na mbili nyuma, na mimi nisingeipigia makofi hata kidogo.

Kiungo Mkabaji

Ndugu zangu, nimecheza nafasi ya namba sita kwenye ligi za mchangani kwa miaka mingi, kwa hiyo mtanisamehe nikitazama usajili wa Chama kwa jicho la yule anayebaki nyuma kufagia.

Uzuri wa Yanga ya Gamondi haupo kwenye mpira tukiwa nao. Upo kwenye zile sekunde chache baada ya kuupoteza. Mtazameni Maxi anavyorudi, Pacome anavyombana beki wa pembeni, hata mshambuliaji wa kati anavyokata njia ya pasi kwa kipa. Khalid Aucho, ambaye naye si kijana, anaonekana ana mapafu mawili ya ziada kwa sababu watu wanne mbele yake wameshamfanyia nusu ya kazi. Mabao matano ya Novemba mengi yalitokana na mpira tulioupora mtani akiwa hajajipanga. Sasa mwondoe mmoja kati ya hao wanne, umweke mtu ambaye akipoteza mpira hutembea, halafu uniambie Aucho na Mudathir Yahya watafunika eneo la ukubwa gani.

Sisemi Chama asicheze. Nasema mechi zichaguliwe. Dhidi ya timu inayokuja kukaa nyuma kwa Mkapa, aanze, tena acheze nyuma ya mshambuliaji moja kwa moja, kwa sababu mpinzani wa namna hiyo hata akiupata mpira hana mtu wa kuupeleka. Ugenini Afrika Kaskazini, ambako Belouizdad walitufunga 3-0, asianze. Aingie dakika ya 60 wakati mabeki wameanza kuchoka na nafasi kati ya mistari imeanza kuonekana. Mchezaji mwenye jicho lake akipewa dakika 30 dhidi ya miguu iliyochoka anaweza kufanya kazi kubwa kuliko kwa dakika 90.

Msisahau pia hesabu ya wageni. Kanuni ya msimu wa 2024/25 inaruhusu klabu kusajili wachezaji 12 wa kigeni, na kila jina jipya kutoka nje linamaanisha kuna mtu anafungasha. Tunasikia pia habari za Prince Dube na za mabeki wapya. Furaha ya Chama itageuka huzuni kama atakayeachwa ndiye aliyekuwa anatufanyia kazi isiyoonekana.

Mtanzania Kitwe

Habari zenu jamaa wa nyumbani. Mimi nafanya biashara ndogo huku Copperbelt na naweza kuongeza kidogo kuhusu mtu mwenyewe.

Huku Chama anakumbukwa zaidi kwa miaka yake ZESCO United ya Ndola kabla hajaenda Al-Ittihad ya Alexandria. Mwaka 2016 ZESCO walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa naye akiwa kikosini, na waliowatoa ni Mamelodi Sundowns, walewale. Kwa hiyo mleta uzi, unapozungumzia deni la Pretoria, fahamu kwamba mwenzako ana deni la zamani kuliko lako.

Pia hapo Jangwani atamkuta Kennedy Musonda, mwenzake wa timu ya taifa. Watu huku wanasema hilo litamsaidia kutulia. Mimi naona atahitaji utulivu zaidi nje ya uwanja kuliko ndani.

Mwananchi wa Temeke (mleta uzi)

Nawashukuru nyote. Nitajibu kadiri ninavyoweza.

Mtani wa Msimbazi, hesabu yako ya ligi tatu ni sahihi na sitaizunguka. Lakini naisoma tofauti nawe. Chama aliporudi Januari 2022 alikuta timu ambayo Miquissone ameshaondoka, na katika misimu iliyofuata mlibadilisha makocha kiasi kwamba kila mmoja alimkabidhi kazi mpya. Alitakiwa atengeneze, afunge, apige kona, apige faulo, na siku timu ikifungwa lawama ziwe zake. Yanga haimhitaji kwa yote hayo. Kwetu mabao ya kawaida yatapatikana bila yeye. Tunamhitaji kwa zile mechi chache kwa mwaka ambazo zinagoma, na hizo ndizo zinazoamua tunafika wapi Afrika. Mwaka 2023 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tukafungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, tukashinda 1-0 kwao, tukapoteza kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Mwaka 2024 tumetoka kwa penalti. Mara zote mbili tulikuwa bao moja tu nyuma ya tulichokitaka. Nikiambiwa kuna mtu ambaye kazi yake ya miaka sita mjini hapa imekuwa kuleta bao hilo moja, siulizi cheti cha kuzaliwa.

Kuhusu benchi, hapo umenigusa, na sina uhakika kama ulivyodhani. Naamini Gamondi ana ubavu wa kumweka nje mtu yeyote, maana msimu uliopita hakuna aliyecheza kwa jina lake. Ila kumweka nje Chama mbele ya mashabiki elfu sitini walionunua jezi yenye jina lake ni mtihani mwingine.

Babu, shikamoo. Mfano wa Tambwe nimeupenda mno na nimeshautumia vijiweni bila kukutaja, utanisamehe. Kuhusu Aziz Ki nakubaliana nawe neno kwa neno. Nilipomfikiria Chama nilimfikiria akiwa upande wa kushoto, akiingia ndani, Aziz Ki akiwa huru kupiga mashuti kwa sababu sasa kuna mtu wa pili wa kuogopwa. Aziz Ki akiondoka, picha yote hiyo inachanika, na Chama atabebeshwa mzigo uleule alioubeba kwa mtani.

Ndugu Kiungo Mkabaji, umeniharibia usingizi. Nimerudi kutazama tena mechi ya Belouizdad ya ugenini na nimeona unachokisema. Hata hivyo, ningependa tusimhukumu kwa mbio alizopiga Simba, kwa sababu mtu hukaba kwa jinsi timu inavyokaba. Maxi hakimbii peke yake. Anakimbia kwa sababu anajua aliye nyuma yake naye amesogea. Chama akiwekwa ndani ya mfumo huo, hata akisogea hatua tano za maana badala ya kukimbia mita thelathini, anaweza kuziba njia ya pasi. Kuchagua mechi nakubali. Ila mimi ningeanza naye pia kwenye robo fainali ya nyumbani, kwa sababu pale ndipo tulipoipoteza ile ya Sundowns, siyo Pretoria.

Kiungo Mkabaji

Hapo kwenye robo fainali ya nyumbani umenishinda, mkuu. Tukiwa na Aucho mzima na beki wa kulia asiyepanda hovyo, nakubali aanze. Hatua tano za maana nitaziamini siku nitakapoziona.

Mnyama wa Msimbazi

Mtani, tumalizie na jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mwaka jana Ngao ya Jamii, yale mashindano ya kufungua msimu, ilichezwa kwa timu nne, na bingwa alipangiwa mshindi wa tatu. Utaratibu ukibaki huohuo, mshindi wa tatu safari hii, kwa aibu yetu, ni sisi. Maana yake Agosti, kabla hata ligi haijaanza, Chama atatukuta. Hakuna muda wa kuzoea wala wa kuchagua mechi kama anavyotaka ndugu Kiungo. Wewe ungekuwa Gamondi, ungemwanzisha?

Mwananchi wa Temeke (mleta uzi)

Nisingemwanzisha. Siku hiyo mtakuja na vijana wenye kasi mliowasajili wote kwa pamoja, bado hawajajuana, na dawa ya timu isiyojuana ni kuwabana tangu dakika ya kwanza, kazi ambayo Maxi, Pacome na Mudathir wanaijua tayari. Ningemwingiza kipindi cha pili, tukiwa mbele kwa bao moja, mkiwa mmelazimika kutoka nyuma kutafuta la kusawazisha.

Mnyama wa Msimbazi

Na mkiwa nyuma kwa bao moja?

Mwananchi wa Temeke (mleta uzi)

Basi anaingia mapema zaidi, mtani, na wewe unajua vizuri kuliko mimi jinsi dakika za mwisho zinavyokuwa akiwa uwanjani.